Kuwatafuta Walioondoka: Somo la Kutathmini Ubora wa Huduma katika Nyumba za Upataji Nafuu

Nyumba za upataji nafuu, ambazo mitaani huitwa soba hausi, zimekuwa sehemu ya maisha ya miji yetu, ya pwani na ya bara. Familia iliyoona vyombo vya ndani vikitoweka kimoja baada ya kingine humpeleka kijana wake huko, hulipa ada ya mwezi, na kutumaini kwamba baada ya miezi kadhaa atarudi akiwa ameachana na heroini. Nyingi ya nyumba hizi huendeshwa na watu waliowahi kuwa waraibu wenyewe, na ratiba yao ya siku hufuata hatua kumi na mbili za vikundi vya Narcotics Anonymous, vilivyoanzia California mwaka 1953. Ni huduma iliyozaliwa nje ya hospitali. Ndiyo maana ofisa wa afya au wa ustawi wa jamii anayetumwa kuikagua mara nyingi hujikuta ameshika dodoso lililotungwa kwa ajili ya zahanati: vitanda vingapi, vyoo vingapi, leseni imetundikwa ukutani au haikutundikwa.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya ofisa huyo, kwa ajili ya wanafunzi wa uuguzi na afya ya jamii watakaorithi kazi yake, na pia kwa ajili ya mzazi anayetaka kujua ni nyumba ipi amkabidhi mwanawe. Hoja yake ni kwamba ubora wa nyumba ya upataji nafuu haupimiki kwa kuwatazama wakazi waliomo tu. Sharti watafutwe waliokwisha kutoka, hasa waliotoka karibuni na waliotoka kabla ya muda wao. Sababu ya kusema hivyo ni ya kitabibu, nasi tutaieleza kwa urefu, kwani asiyeielewa ataiona kazi ya kuwatafuta kuwa usumbufu usio na faida.

Muundo, mchakato na matokeo

Mwaka 1966 Avedis Donabedian, daktari aliyezaliwa Beirut na kufundisha Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alichapisha makala iliyokuja kuwa msingi wa somo zima la kutathmini ubora wa tiba. Alipendekeza tutazame mambo matatu: muundo, yaani majengo, vifaa na watumishi, mchakato, yaani yale anayofanyiwa mgonjwa, na matokeo, yaani hali yake baada ya hapo. Donabedian hakudai kwamba muundo mzuri huzaa matokeo mazuri kila mara. Alisema kila kimoja kinaweza kutupa dokezo kuhusu kingine, ilimradi uhusiano kati yao umethibitishwa.

Wakaguzi wengi huishia kwenye muundo kwa sababu ndio unaoonekana kwa macho na kuhesabika kwa nusu siku. Hatusemi kwamba muundo hauna maana. Bweni la watu ishirini lenye dirisha moja ni njia ya kifua kikuu, na ugonjwa huo huwapata waraibu wa heroini kwa wingi kuliko watu wengine. Mlango wa chuma uliofungwa kwa kufuli usiku, ufunguo ukiwa kwa mtu aliyelala nyumba nyingine, ni mauti yanayongoja moto. Mambo hayo yaangaliwe na kuandikwa. Lakini mtathmini mwenye siku mbili asimalize siku moja na nusu akipima upana wa vyumba.

Hatari ya siku za kwanza nje

Heroini na dawa za jamii yake hupunguza kasi ya kupumua. Mtu anayeitumia kila siku mwili wake huzoea: hupata athari ileile kwa kipimo kikubwa zaidi, na huhimili kiasi ambacho kingemuua mtu asiyeitumia. Akiacha, mazoea hayo hupungua katika siku na wiki chache tu. Hamu ya dawa haipungui kwa mwendo huo. Kwa hiyo mtu aliyekaa miezi minne bila kutumia, akishawishika siku moja na kurudi kwenye kipimo chake cha zamani, anatia mwilini kiasi ambacho mwili huo hauwezi tena kukihimili. Kama amekunywa pombe pia, au amemeza vidonge vya usingizi, hatari huongezeka. Na kama yuko peke yake kwa sababu anaona haya kuonekana amerudia, hakuna wa kumwita wala wa kumwamsha.

Mwaka 2003 John Strang na wenzake wa London walichapisha katika jarida la BMJ matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 137 waliolazwa ili kuondolewa sumu ya heroini mwilini. Waliwagawa katika mafungu matatu: 37 waliomaliza kuondolewa sumu na kuendelea na programu hadi mwisho, 57 waliomaliza kuondolewa sumu lakini wakaondoka kabla ya programu kwisha, na 43 ambao hawakumaliza hata hatua ya kwanza. Katika miezi minne ya mwanzo baada ya kutoka, watu watatu walikufa kwa kuzidisha kipimo. Wote watatu walitoka katika lile fungu la 37, waliomaliza kila kitu vizuri.

Idadi hiyo ni ndogo na utafiti mmoja hauwezi kuamua jambo. Hata hivyo unalingana na yale yaliyoonekana kwa wafungwa wanaotoka gerezani, ambao nao hufa zaidi kwa kuzidisha kipimo katika wiki za kwanza za uhuru wao. Mtathmini aufikirie utafiti huo wa London akiwa ameshika daftari la nyumba anayoikagua. Katika daftari hilo wale watatu wangeandikwa kuwa wamehitimu. Picha zao za siku ya kuagwa zingekuwa ukutani. Nyumba isiyofuatilia watu wake ingeendelea kuwahesabu kama mafanikio, na wala isingekuwa inasema uongo, ingekuwa haijui.

Kutokana na hayo tunapata maswali ambayo hayamo katika dodoso la zahanati. Je, mkazi anayekaribia kutoka ameelezwa waziwazi, pamoja na ndugu zake, kwamba mwili wake sasa hauhimili kipimo cha zamani? Baadhi ya wasimamizi hukwepa mazungumzo hayo kwa kuhofu kwamba kutaja kurudia matumizi ni kukuruhusu. Hofu hiyo inaeleweka, lakini haimkingi mtu yeyote na kifo. Je, nyumba ina naloksoni, dawa inayoondoa athari ya heroini na kurudisha pumzi, au walau inajua hospitali ya karibu yenye dawa hiyo na namna ya kufika usiku? Tangu mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani limependekeza kwamba watu wanaoweza kushuhudia mtu amezidisha kipimo wafundishwe kuitumia na waweze kuipata. Na je, aliyefukuzwa saa mbili usiku kwa kuvunja kanuni alielekezwa wapi?

Swali hili la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Kanuni ya nyumba nyingi ni kwamba anayekutwa ametumia dawa anaondoka papo hapo, ili asiwavute wengine. Nia ni kuwalinda waliobaki, na si nia mbaya. Lakini anayetolewa nje ni mtu aliyekwisha kupoteza uhimilivu wake, ameonesha kwamba anaweza kupata dawa, na sasa hana pa kulala. Nyumba bora, kwa maoni yangu, ni ile iliyokwisha kufikiri juu ya mtu huyu kabla hajatokea: ina chumba cha kumtenga hadi asubuhi, ina namba ya ndugu yake, ina makubaliano na kituo cha afya.

Hesabu ya mafanikio

Tuchukue nyumba ya kubuni ili tufanye hesabu. Kwa mwaka mmoja ilipokea watu 60. Kati yao 24 walimaliza muda uliopangwa. Mwaka mmoja baadaye msimamizi aliwapigia simu hao 24, akawapata 15, na 12 wakasema hawatumii dawa. Msimamizi anaandika katika ripoti yake: mafanikio ni asilimia 80. Hesabu yake ni sahihi, kwani 12 katika 15 ni asilimia 80. Lakini ukigawa kwa wote waliomaliza, utapata asilimia 50. Ukigawa kwa wote walioingia, utapata asilimia 20.

Takwimu zote tatu ni za kweli, na kila moja inajibu swali lake. Mzazi aliyesimama getini na kijana wake anataka ile ya tatu, kwa sababu wakati huo hajui kama mwanawe atamaliza, wala kama atapokea simu baada ya mwaka. Mtathmini basi asiandike asilimia yoyote bila kuandika pembeni yake imegawanywa kwa idadi gani. Tena asichukulie kwamba wale tisa wasiopatikana wote wamerudia. Wengine wamebadili namba tu. Asichukulie pia kwamba wako sawa na waliopatikana. Waandikwe kama walivyo: hawajulikani walipo.

Kuna jambo jingine la kutahadhari. Asilimia 20 si lazima iwe aibu. Uraibu ni ugonjwa wa kudumu wenye tabia ya kurudi, na watu wengi huacha baada ya kujaribu mara kadhaa. Nyumba inayopokea waliokwisha kushindikana kwingine itaonekana dhaifu ikilinganishwa na inayochagua vijana wenye kazi na familia tulivu. Kulinganisha nyumba mbili bila kuuliza zinampokea nani ni kuiadhibu ile inayobeba mzigo mzito zaidi, na wasimamizi wataelewa upesi: watawakataa wagonjwa sana ili takwimu zao zipendeze.

Methadoni mlangoni

Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwezi Februari 2011, na tangu hapo vituo vya tiba hiyo vimefunguliwa katika mikoa mingine na Zanzibar. Methadoni hunywewa mara moja kwa siku mbele ya mtumishi, huondoa arosto na kutuliza hamu. Wafuasi wa hatua kumi na mbili wengi huiona kuwa ni kubadilisha dawa kwa dawa, na zipo nyumba zinazomtaka mtu aache methadoni kwanza ndipo apokewe.

Hapa mtathmini hawezi kukaa katikati na kusema kila mmoja ana msimamo wake. Mwaka 2017 Luis Sordo na wenzake walijumlisha katika BMJ tafiti zilizofuatilia zaidi ya watu 120,000 waliowahi kutumia methadoni. Walipokuwa kwenye tiba walikufa kwa kiwango cha 11.3 kwa kila watu 1000 kwa mwaka. Walipokuwa nje ya tiba kiwango kilikuwa 36.1. Wiki nne za kwanza baada ya kuacha zilikuwa na hatari ya pekee. Nyumba inayomwachisha mtu methadoni kama sharti la kuingia inamwondoa kwenye kinga iliyothibitishwa, na jambo hilo liandikwe katika ripoti kuwa ni kasoro ya mchakato, hata kama wasimamizi ni watu wema na bustani yao imepandwa maua. Yapo makubaliano yanayowezekana: mkazi kusindikizwa kituoni kila asubuhi na kurudi. Aulizwe msimamizi kama jambo hilo limewahi kujaribiwa.

Dawa nyingine zinafuata mantiki hiyohiyo. Anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI au za kifua kikuu zinatunzwa wapi, nani anampa, na zikikaribia kwisha nani huenda kliniki? Rifampisini, ambayo ni nguzo ya tiba ya kifua kikuu, hushusha kiwango cha methadoni mwilini, kwa hiyo mgonjwa wa methadoni anayeanzishiwa hupata arosto ghafla. Wenzake wasiojua watasema anaigiza.

Siku za arosto

Arosto ya heroini huanza saa 8 hadi 24 baada ya dozi ya mwisho na huendelea kwa siku 4 hadi 10. Huumiza sana: mifupa, tumbo, kutapika, kuharisha, kukosa usingizi. Mara chache huua yenyewe, lakini kutapika na kuharisha bila kurudishiwa maji kumewahi kuua, hasa pale ambapo mgonjwa amefungiwa chumbani na kelele zake kuchukuliwa kuwa ni ujanja.

Pombe ni hadithi tofauti. Mnywaji mkubwa wa kila siku akiacha ghafla anaweza kupata mishtuko ya kifafa ndani ya siku mbili za mwanzo. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kutetemeka, kupata homa na kuona visivyokuwepo. Hali hiyo huua, na tiba yake ni ya hospitali: daiazepamu chini ya uangalizi, maji, na thiamini, yaani vitamini B1. Kuacha ghafla vidonge vya jamii ya daiazepamu nako huleta mishtuko ya namna hiyohiyo. Wasimamizi walioacha heroini wao wenyewe hujua arosto yake kuliko daktari yeyote, na ujuzi huo ni hazina. Lakini ujuzi huo unaweza kuwapotosha wakimpokea mlevi wa pombe, kwa sababu wamezoea kwamba anayelia leo atakula kesho.

Kipimo rahisi ni hiki. Mtathmini achague mkazi mmoja aliyeingia katika wiki hiyo, kisha amuulize mlezi wa zamu: mtu huyu alikuwa anatumia nini, kwa kiasi gani, na mara ya mwisho lini? Mlezi anayejibu bila kutafuta karatasi, au anayejua karatasi iko wapi, ameonesha mengi. Anayejibu kwamba hapa wote wanatibiwa sawa ameonesha mengi pia.

Ridhaa, funguo na adhabu

Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilitoa zana ya tathmini iitwayo QualityRights kwa ajili ya vituo vya afya ya akili na vya ustawi. Imejengwa juu ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, na inapanga maswali katika maeneo matano: hali ya makazi, haki ya afya, uwezo wa kujiamulia pamoja na uhuru, kinga dhidi ya mateso na ukatili, na maisha ndani ya jamii. Mwaka huohuo mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja kutaka vituo vinavyowafungia waraibu kwa lazima vifungwe.

Nyumba zetu hazifanani na vituo hivyo vya serikali vilivyolengwa na tamko lile, lakini si kila aliyemo aliingia kwa hiari. Wapo walioambiwa wanasindikizwa msibani, wakashtukia geti limefungwa nyuma yao. Mzazi aliyefanya hivyo hakufanya kwa chuki. Alikuwa amechoka, na pengine aliogopa kijana atauawa mtaani kwa wizi. Hata hivyo mtu mzima aliyefungiwa bila ridhaa wala amri ya kisheria amenyang'anywa uhuru wake, na kuchoka kwa familia hakulibadilishi jambo hilo. Mtathmini amuulize mkazi maswali mepesi: Nani alikuleta? Uliambiwa unakwenda wapi? Ukitaka kuondoka leo, utafanyaje? Simu yako iko kwa nani?

Kuhusu adhabu, fimbo na minyororo hazihitaji mjadala. Panapotatanisha ni pale udhalilishaji unapoitwa tiba: kumkalisha mtu katikati ya wenzake wamtukane, kumnyoa, kumvisha bango. Mbinu hizi hazitoki katika hatua kumi na mbili. Zilienezwa na jumuiya ya Synanon, iliyoanzishwa California na Charles Dederich mwaka 1958, ambayo ilitumbukia katika ukatili na hatimaye kuvunjika mwaka 1991. Msimamizi anayezitumia huku akiamini anafuata mapokeo ya kale ya kuacha dawa aelezwe asili yake.

Kazi za nyumbani, kama kupika, kufagia na kufua, ni sehemu ya kujifunza upya maisha. Ila mkazi anayelipa ada akipelekwa kubeba matofali ya mwenye nyumba, hiyo si tiba.

Namna ya kuuliza

Mazungumzo na wakazi yafanywe faragha, mahali ambapo sauti haisikiki, na mtathmini mwenyewe ndiye achague majina kutoka kwenye daftari: tuseme kila jina la tano. Akiletewa watatu waliovaa vizuri, awasikilize kwa adabu, kisha arudi kwenye orodha yake. Ziara moja iwe ya taarifa na nyingine ya kushtukiza, ikiwezekana jioni au Jumapili, wakati mkurugenzi hayupo. Ahadi ya kutunza siri itolewe na itimizwe. Mkazi aliyelalamika atabaki humo baada ya gari la wakaguzi kuondoka. Atakayekutwa na majeraha au hatari ya haraka, utaratibu wa kumtoa na kutoa taarifa uwe umekwisha kupangwa kabla ya kuingia, si baada.

Wanawake waulizwe na mwanamke. Nyumba nyingi zilijengwa kwa fikra ya mkazi mwanamume, na mwanamke aliyepokewa mwishoni mwa ukumbi nyuma ya pazia anaweza asiseme lolote mbele ya mkaguzi mwanamume, wala mbele ya msimamizi.

Daftari la walioondoka

Nyumba inaweza kuanza kesho bila fedha za mfadhili. Inahitaji daftari moja lenye safu chache: jina, tarehe ya kuingia, dawa aliyokuwa akitumia, tarehe ya kutoka, namna alivyotoka (amemaliza, ameondoka mwenyewe, amefukuzwa, amepelekwa hospitali), na namba mbili za simu, yake na ya ndugu, zilizoandikwa kwa idhini yake. Simu ya kwanza ipigwe siku ya tatu, ya pili wiki ya kwanza, kisha wiki ya nne, mwezi wa tatu na mwaka. Wapigiwe wote, pamoja na waliofukuzwa. Anayepiga asianze na swali la kama mtu ametumia. Aulize analala wapi, anakula, yuko na nani. Akisema ametumia, aulizwe kama alikuwa peke yake, akumbushwe habari ya kipimo, na aambiwe mlango upo wazi au kituo cha methadoni kiko wapi.

Mtathmini atakapofika tena mwaka unaofuata, aombe daftari hilo kabla ya kuonyeshwa mabweni. Majina ya waliofariki yasiwe yamekatwa kwa kalamu. Mbele ya kila jina iandikwe tarehe ya kifo, na idadi ya siku ambazo marehemu alikuwa nje tangu alipoondoka.